Koti la Mgombea na Geti Lisilofunguliwa

Vijana wangu wa darasa la ushonaji,

Mmeniomba niandike mawili matatu ya kuwafaa kazini, kwa kuwa mmesikia nimestaafu. Sijui nani aliwaambia kwamba fundi cherehani hustaafu. Fundi huachishwa kazi na macho. Siku nilipomshonea mteja suti yenye mikono miwili ya kushoto, mke wangu Mama Neema aliifunika cherehani kwa kitambaa, akaweka maua ya plastiki juu yake, akasema, "Sasa ni meza." Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe ya kuniaga.

Basi someni. Na ninyi ambao Kiswahili chenu ni cha kusikia tu kwa sababu mmezaliwa hapahapa, tafuteni mama zenu wawasomee. Msiniletee niwageuzie kwa Kizulu. Kizulu changu ni cha kununulia nyanya.

Nianze kwa kujieleza, msije mkadhani mnafundishwa na mtu aliyeona dunia. Nimeishi Johannesburg miaka mingi kuliko niliyoishi Kigoma, lakini jiji hili nalijua kwa dirisha la sebule yangu, hapa Malvern, mtaa wa pili ukitoka Jules Street. Mke wangu ndiye aliyekuwa akitoka kuuza vitenge. Mimi nilibaki na cherehani, pasi na sufuria. Mtu akiniuliza Braamfontein pakoje, namwambia nasikia ni pazuri. Wanaume wenzangu walinicheka, nami nikawashonea suruali za kunichekea.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Mzee Kasongo, Mkongomani wa Kalemie aliyenipokea nilipofika. Alikuwa mfupi, mkali, na alishona akiwa na sigara isiyowashwa mdomoni, maana aliogopa majivu yasidondokee kitambaa. Neno lake la kwanza kwangu halikuwa "karibu". Lilikuwa, "Usimpime mtu aliyenyamaza."

Nilidhani ni fumbo. Kumbe ni ufundi. Mtu akinyamaza mbele ya utepe wa kupimia hubana tumbo. Ukimpima hivyo, atavaa nguo yako siku moja, ya pili kifungo kitaruka. Kwa hiyo mzungumzishe. Muulize habari za watoto, za mpira, za mama mkwe. Akifika kwenye habari anayoipenda au anayoichukia kwa moyo wote, tumbo litashuka lenyewe. Hapo ndipo upitishe utepe, haraka, kabla hajakumbuka kwamba ana mwili. Wanasiasa peke yao ndio niliowaona wanaweza kuongea asubuhi mpaka mchana huku wamebana tumbo.

La pili ni kitenge chenye picha. Tazama picha inaelekea wapi kabla hujakata. Nilimshonea mke wa mchungaji mmoja gauni la korongo. Kwa mbele korongo walitembea vizuri, shingo juu. Kwa nyuma nilikata kitambaa kichwa chini, na mama wa watu akaenda kanisani, akasimama kuimba mbele ya safu zote, nyuma yake korongo wote wamekufa miguu juu. Mzee Kasongo hakunigombeza. Alikuja nyumbani na kitenge kipya, akaketi akanitazama nikishona upya mpaka nilipomaliza. Kutazamwa hivyo ni afadhali ugombezwe.

Siku hizi mnapimana kwa simu. Mteja anajipima mwenyewe huko aliko, anakutumia namba, na namba zote ni za uongo, maana hakuna mtu anayejipima bila kubana. Na fulana za kampeni zinatoka kiwandani zimefungwa kwa mafungu, moja kama nyingine. Lakini mgombea mwenyewe bado anataka koti lake lishonwe na mkono wa mtu. Anataka yale ya siku zote: kama ni mwembamba aonekane ameshiba, kama ni mnene aonekane anafunga. Nimewashonea kadhaa. Ninayetaka kuwasimulia ni mmoja, Dido, na sitawasimulia kwa sababu ya koti.

Dido ni mtoto wa jirani yangu. Nyumba yao na yetu zinagawana ukuta. Baba yao, marehemu, alikuwa mlinzi wa usiku, mtu wa Uvira, mcheshi. Alifariki watoto wakiwa shuleni. Akabaki Mama Dido na watoto wawili: Dido mwenyewe na mdogo wake wa kike, Furaha. Dido alisoma, akapata uraia wa hapa, akaingia chama, na katika uchaguzi wa madiwani uliopita akasimama kugombea kata yetu. Mjue tulivyofurahi. Mtu wetu, aliyekula ugali wetu, jina lake limebandikwa kwenye nguzo kuanzia kwenye kiduka cha spaza mpaka kwenye roboti ya Jules Street, zile taa za magari. Mama Neema alikuwa akipita chini ya bango lile anasema, "Pua ni ya baba yake," kila siku, kama vile pua ingebadilika.

Na Furaha, huyu mdogo, alikuwa akifanya kazi ofisini kwenye ghala moja kubwa la Midrand. Hukohuko alikutana na Lerato, binti wa Kisotho anayeendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Walipendana, wakataka kuoana. Sheria ya nchi hii inaruhusu, na imeruhusu tangu Dido na Furaha wakiwa na sare za shule. Kwa upande wa serikali mambo yalikuwa wazi. Upande uliobaki ulikuwa wa nyumbani.

Mama Dido alilia mwaka mzima. Sauti yake ilipita ukutani, nami nikaongeza mwendo wa cherehani ili nisisikie. Kisha siku moja akaja jikoni kwangu, akakaa, akasema, "Baba Neema, nimechoka kulia. Mwana ni wangu. Wajomba za Lerato wakuje waseme neno lao kama watu."

"Basi ni heri," nikamwambia.

"Lakini nyumba iko na mwanaume. Dido akifungua geti, miye nitapika, nitakaa ndani kama mama mwenye heshima. Asipofungua, miye nitasimama na nani kanisani?"

Mnaojua desturi za hapa mnaelewa. Wajumbe wa mahari, lobola, hawabishi hodi wakaingia. Wanasimama nje ya geti, wanaita majina ya ukoo, wanangoja mpaka mwenye nyumba aamue kuwafungulia. Na desturi zetu zinasema baba asipokuwepo, kaka ndiye baba. Jumamosi iliyopangwa iliangukia kabla ya uchaguzi. Furaha mwenyewe alichagua sare ya familia, kitenge cha bluu chenye samaki wa manjano, kwa sababu baba yao alikuwa mtu wa ziwani. Kwa watu wetu sare si mapambo. Ukivaa kitenge cha familia siku ya shughuli, umesema mbele ya watu wote: mimi ni wa hawa.

Kwa hiyo Dido alikuwa na maamuzi mawili, na yote mawili yakaangukia sebuleni kwangu, maana fundi anayepima ni kama kinyozi, anasikia kila kitu na hakuna anayemuuliza.

Mara ya kwanza alikuja kupimwa koti la mkutano wa wagombea pale ukumbini. Nikamzungumzisha kama nilivyofundishwa.

"Mchungaji wetu atauliza ile habari," akasema.

"Ipi?"

"Ya ndoa. Mwanamke na mwanamke. Anaiuliza kila kata."

"Utamjibu nini?"

"Ukweli, Baba Neema. Sheria ipo. Chama changu kinaikubali. Na dada yangu ni dada yangu. Nitasimama niseme naunga mkono, na Jumamosi nitafungua geti mchana kweupe, nimevaa samaki."

Tumbo likashuka. Nikapitisha utepe palepale. Vijana, kile ndicho kipimo pekee cha kweli nilichowahi kupata kwa Dido.

Mara ya pili alikuja kujaribu koti likiwa na nyuzi za kushikiza tu, mkono mmoja haujaingia. Alikuwa ametoka kuongea na mchungaji. Nikamkuta amenenepa hapa na kukonda pale, yaani amebana.

"Nimefikiri," akasema. "Ukumbini nitaikwepa. Lakini getini nitasimama. Matendo ndiyo kitu, si maneno."

"Kwa nini uikwepe?"

"Kura. Kanisa lile linajaa mpaka watu wanakaa nje."

Mama Neema alikuwa mlangoni anakunja vitenge. Akasema bila kuinua kichwa, "Dido mwanangu, kanisani kwetu nani anapiga kura?"

"Watu wote wale, mama."

"Watu wote wale wana karatasi za hifadhi ya wakimbizi, kama miye. Tunazipangia foleni kuziongezea muda. Hata tukupende mpaka tuugue, kura hatuna. Mchungaji mwenyewe tulikuwa naye kwenye foleni."

Dido akacheka. "Eish, Mama Neema. Wewe siasa huijui."

"Siijui. Foleni ndiyo naijua."

Mke wangu hakusema siri. Kila mtu Malvern analijua hilo, na Dido alilijua kuliko sisi, maana alilelewa na karatasi hizohizo. Ndipo nilipoanza kuogopa. Mtu anayeogopa kupoteza kura unaweza kumwonyesha kwamba kura hazipo, akatulia. Huyu alionyeshwa, akacheka, akabaki na hofu yake vilevile. Kura zilikuwa jina tu alilolipa kitu kingine. Aliogopa wale wazee wa safu ya mbele waliomshika mkono siku ya msiba wa baba yake. Aliogopa siku atakapoingia wasimpishe kiti. Na hofu ya namna hiyo haina uchaguzi wa kuimaliza.

Ukumbini nilikwenda. Ndiyo, mimi. Mama Neema alinivuta, nami nikakubali kwa sababu nilitaka kuona mabega ya koti yanakaaje chini ya taa. Mchungaji akauliza swali lake kwa wagombea wote waliokuwa wamekaa pale mbele kama watu wanaosubiri kung'olewa meno. Wa kwanza akasema yeye ni mtu wa mabomba ya maji, kuhusu mabomba aulizwe chochote. Wa pili akasema kila mtu amwulize Mungu wake. Mama mmoja akasema sheria ni sheria, akakaa upesi kabla hajaulizwa kama anaipenda. Wote walijua sheria ile haibadilishwi na diwani. Swali halikuwa na kazi yoyote katika kata. Lilikuwa la kuwapima tu, na wote walibana.

Dido akasimama. Mabega yalikaa vizuri, hilo niliseme. Akasema, "Mimi naheshimu familia."

Ukumbi ukapiga makofi. Wazee wa mbele walipiga makofi wakidhani amekataa. Vijana wa chama chake walipiga makofi wakidhani amekubali. Furaha alikuwa safu ya nyuma na Lerato. Lerato aliinua mikono apige makofi, akamtazama Furaha kwanza, akaishusha.

Nikiwa njiani kurudi nikamwambia Mama Neema mkono wa kulia wa koti umepanda kidogo. Akaniambia, "Wewe, siku ya kiyama utamkagua malaika pindo."

Mara ya tatu Dido alikuja na kitenge cha samaki chini ya kwapa.

"Baba Neema, Jumamosi kutakuwa na simu. Watu watapiga picha, watatuma. Nishonee koti la pande mbili. Nje rangi ya chama, ndani samaki. Nitakuja na rangi ya chama barabarani, kama natoka kwenye kampeni. Nikifika getini naligeuza."

"Utageuza koti barabarani, mbele ya wajomba?"

"Ndani ya gari."

"Na ukitoka nyumbani kurudi kwenye kampeni?"

"Naligeuza tena. Sharp, sawa?"

Sasa hapa sikilizeni, maana ni ufundi ambao wengi wenu hamjajaribu. Koti la pande mbili ni kazi ngumu kuliko suti ya bwana harusi. Koti la kawaida lina bitana, na chini ya bitana unaficha dhambi zako zote: nyuzi, mishono ya kurudia, kipande ulichounga. La pande mbili halina pa kuficha. Kila mshono lazima uuvishe utepe, kila mfuko uwe na mwenzake mgongoni, vifungo vishonwe viwili viwili, shina moja. Kola inakuwa nene kama mto. Na ufanye ufanyavyo, upande uliogeuzwa utachungulia kidogo pale kwenye mkono na pale shingoni. Nilimweleza yote hayo. Nikamwambia, "Mwanangu, nguo ya pande mbili haina ndani."

"Wewe shona tu," akasema.

Nikashona. Ni koti bora kuliko yote niliyowahi kushona, na sitamani hata mmoja wenu ashone kama lile.

Jumamosi ikafika. Mama Dido alikuwa amevaa gauni lake la samaki tangu alfajiri. Harufu ya kuku na pilau ilipita ukutani, nami nikaona aibu kwa maharage yangu. Furaha alikuwa amefungiwa chumbani, kama desturi inavyotaka, asionekane mpaka aitwe.

Wajomba za Lerato walikuja wanne, kwa makoti ya sufu na kofia, ingawa jua lilikuwa kali. Mkubwa wao wakimwita Malume, yaani mjomba tu, mzee mrefu mwenye fimbo. Wakasimama nje ya geti. Malume akaita majina ya ukoo wa Mama Dido kama alivyofundishwa, akayavunja yote lakini kwa heshima kubwa. Wakangoja.

Hakuna aliyefungua.

Kungoja kwa kwanza ni sehemu ya desturi, watu wanatabasamu. Wakaita tena. Mimi niko dirishani kwangu, kama kawaida yangu. Nikamwona Mama Dido kupitia ua, amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi, anatazama geti kama vile linaweza kufunguka kwa kutazamwa. Nikamwita kwa juu ya ukuta, "Mama Dido, fungua."

"Nyumba iko na mwanaume," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Anakuja. Amesema iko njiani."

Na kweli alikuwa njiani. Gari lake lenye picha yake mlangoni lilikuwa limesimama mwisho wa mtaa, chini ya mti, injini inanguruma. Kila mtu aliliona. Kwenye varanda ya nyumba ya pili walikuwa wamekaa wazee wawili wa kanisa, viti vimegeuzwa kuelekea geti. Hawakufanya lolote. Walikaa tu na vikombe vyao vya chai, na ndani ya gari niliona mabega yanahangaika, yanajikunja, kama mtu anayevua koti mahali padogo. Kisha yakatulia. Kisha yakahangaika tena.

Nikatoka. Sijui miguu ilitoka wapi. Nilikuwa na malapa ya kuogea na aproni ya Mama Neema. Nikamwendea Malume, nikamsalimu kwa Kizulu changu cha nyanya, nikaweka mkono kwenye komeo la geti.

Akanizuia taratibu. "Baba, tunashukuru. Wewe ni wa nyumba hii?"

"Ni jirani. Mimi ndiye fundi wao."

"Basi simama na sisi," akasema.

Nikasimama nao. Akanieleza kwa upole, kwa maneno mepesi ya kunifikia, kana kwamba mimi ndiye mgeni, na kweli ndiye mimi. Alisema wao hawaogopi kufukuzwa. Ukoo mwingine hufukuza wajumbe, hata kuwamwagia maji. Ukifukuzwa umejibiwa, unarudi siku nyingine na maneno mazuri zaidi. "Asiyejibiwa," akasema, "hana pa kwenda wala pa kurudi."

Jua likapanda. Mjomba mmoja akavua kofia akajipepea. Gari likasogea kidogo mbele. Mama Dido akaweka mwiko chini. Gari likafika usawa wa nyumba ya wale wazee, na kwa dirisha nikaona mkono wa koti: rangi ya chama, na kwenye pindo samaki wa manjano wanachungulia. Mzee mmoja akainua kikombe kumsalimu. Dido akampungia mkono. Akapita getini, akatupita sisi wote na aproni yangu, akakata kona kwenda Jules Street.

Mlango wa chumba ukafunguliwa, Furaha akatoka. Bibi harusi hatoki. Mama yake akasema, "Mwana, rudi ndani," lakini hakumshika. Furaha alikuwa amevaa samaki, amesukwa vizuri, hana viatu. Akaja mpaka getini, akasimama upande wake wa chuma, Malume upande wake. Akapiga goti kama tulivyomlea.

"Wajomba," akasema, "nisameheni kwa jua hili. Rudini nyumbani. Hapa hakuna mtu."

Malume alivua kofia. Nadhani desturi yake haikuwa na neno la hapo. Wakaondoka kwa miguu mpaka kwenye gari lao, polepole, wanne, na hawakuonja hata maji ya nyumba ile. Pilau lililetwa kwetu jioni. Mama Neema, ambaye sijawahi kumwona akiacha pilau, alilifunika.

Furaha na Lerato walifunga ndoa katikati ya wiki, ofisi ya Mambo ya Ndani, mashahidi ni wenzao wa kazini. Karatasi ni halali kabisa. Wakahamia Midrand moja kwa moja. Mama Dido huwatembelea, na kanisani akiulizwa alikuwa wapi husema kliniki. Wazee humpa pole kwa miguu yake. Lakini Malume na wenzake hawajawahi kurudi hapa, na Furaha hajakanyaga mtaa huu tangu siku ile. Kwa ukoo wa Lerato, Furaha aliolewa kutoka nyumba isiyo na watu.

Dido alishinda. Mlitaka niseme alishindwa, ili iwe hadithi ya mafunzo. Alishinda kwa tofauti kubwa, na waliompigia kura ni watu wa mitaa ambayo mimi sijawahi kufika, waliotaka mashimo ya barabara yazibwe na maji yasikatike. Hakuna aliyemuuliza habari za ndoa. Kanisani kwetu walimwombea kwa kelele na makofi, kanisa zima la watu wasio na kura. Mchungaji akamwita mwana wa nyumba.

Miezi ikapita. Sikumwona, ila mabango yake yanapauka. Kisha mwaka huu, uchaguzi ukiwa bado mbali, kukawa na shughuli fulani ya haki za watu huko mjini, na Mheshimiwa Diwani akapewa kipaza sauti. Video ikafika simu ya Mama Neema kama zinavyofika zote. Tuliitazama jikoni. Dido alisimama wima, tumbo limeshuka kabisa, akasema anaunga mkono ndoa ya kila watu wawili wanaopendana, mwanamke na mwanamke, mwanaume na mwanaume, bila woga wala haya, na kwamba familia ni lazima ifungue milango yake. Alisema vizuri sana. Watu walisimama kumshangilia, baadhi wakilia. Alikuwa amevaa suti ya dukani.

Mama Neema akanitazama. "Tumtumie Furaha?"

"Atakuwa ameshaiona."

Akamtumia. Baada ya muda simu ikalia, akanipa mimi, maana yeye hapendi kuongea akiwa na machozi.

"Shikamoo baba," Furaha akasema.

"Marahaba mwanangu. Umeiona?"

"Nimeiona."

Nilisikia nyuma yake Lerato anaosha vyombo.

"Kumbe sauti alikuwa nayo," akasema.

Nami, ninayewaandikia hapa kama mtu mwenye maneno, nikamwambia viazi vyangu vinaungua, na kweli vilikuwa vinaungua. Akasema, "Nenda baba, viwahi," tukaagana.